Lumeni 5,000 za kwenye boksi, na tochi inayofaa mfukoni mwako

SWALI: "Naishi Umoja, Nairobi, ghorofa ya nne, na nafanya kazi jikoni katika hoteli moja mjini. Saa kumi na robo alfajiri nateremka ngazi ambazo taa zake hazijawaka tangu mwaka jana, kisha natembea mpaka steji. Nilinunua tochi ndogo ya shilingi 600. Boksi lilisema lumeni 5,000, betri ya 9,900, inawaka saa 8. Dakika kumi tu mwanga unafifia, na baada ya miezi mitatu ikakataa kuchaji. Mwenzangu ananiambia ninunue ya 3,500, ndogo sawa na kidole, lakini boksi lake linasema lumeni 400. Mbona nilipe zaidi nipate mwanga mdogo? Au nitumie simu tu? Kijana wangu naye anasema betri ya hiyo tochi inaingia hata kwenye rimoti ya TV. Nina miaka 48, na siku hizi hata tochi ikiwaka ngazi sizioni vizuri, ndiyo maana nataka mwanga mkali. Taa za magari nazo zinaniumiza macho sana."

JIBU: Dada, mwenzako amekushauri vizuri. Hiyo tochi ya lumeni 400 ina uwezekano mkubwa wa kutoa mwanga mwingi kuliko ile ya 5,000 iliyokufia, na jambo hilo linaonekana kwa hesabu ya shule ya msingi, bila hata kuifungua tochi.

Lumeni hupima mwanga wote unaotoka kwenye tochi kwa wakati mmoja. Mwanga huo unalipiwa na nishati iliyo ndani ya betri. LED nzuri, kile kitaa kidogo kinachotoa mwanga, kwenye tochi ndogo hutoa takriban lumeni 100 kwa kila wati inayokula. Basi lumeni 5,000 zinataka wati 50, na kuziwasha saa 8 ni wati-saa 400. Sasa tazama betri. Ile ya mviringo iitwayo 18650 ina unene wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, na ndiko jina lake lilikotoka. Ina volti 3.6 hivi, na ikiwa ya kampuni inayojiheshimu hubeba miliampea-saa zipatazo 3,500, yaani ampea-saa 3.5. Zidisha 3.6 kwa 3.5, utapata wati-saa 12.6. Ili boksi lako liwe limesema kweli, ungelazimika kutembea na betri zaidi ya 30 kwenye mkoba. Na hiyo 9,900 ni namba ya kubuni. Hakuna 18650 inayofika hata nusu yake. Mizani ndogo ya jikoni itakuonyesha: betri halisi ya umbo hilo ina gramu 45 hadi 50, na ukipata ya gramu 25 ujue ndani ya lile ganda kuna kibetri kidogo kimevishwa koti kubwa.

Mpaka hapo ni udanganyifu wa kawaida. Kuna jambo la pili ambalo hata kampuni zisizodanganya haliziachi, nalo ni joto.

Zaidi ya nusu ya umeme unaoingia kwenye LED hugeuka joto. Taa ya barabarani ina bati pana la kulipunguza. Tochi ya kidole haina pa kulipeleka ila mwili wake mwembamba na kiganja chako. Wewe wa jikoni unajua kijisufuria chembamba juu ya moto mkubwa hufanya nini. Tochi nzuri huwa na kifaa kinachopima joto, na likizidi hupunguza mwanga polepole ili LED na betri visiungue. Ya shilingi 600 haipimi chochote. Hufifia kwa sababu betri yake dhaifu imeshindwa kusukuma umeme, au huendelea kujikaanga mpaka LED inakuwa ya buluu na kufa. Kwa uzoefu wangu, tochi ya alumini ya ukubwa wa kidole hustahimili lumeni 100 hadi 200 kwa muda mrefu bila kukuchoma. Hiyo ndiyo namba unayoinunua. Zile 400, au hata 1,000 utakazoziona kwenye maboksi ya kampuni nzuri, ni za dakika moja au mbili.

Ndiyo maana nakuomba usome boksi kwa jicho la mashaka hata kama jina la kampuni ni kubwa. Kuna kipimo cha Marekani kinachoitwa ANSI FL1, kilichotolewa mwaka 2009, na kampuni za tochi zenye sifa, kama Fenix na Nitecore, huchapisha jedwali lake. Kwa kipimo hicho mwanga hupimwa kati ya sekunde 30 na dakika 2 baada ya kuwasha. Muda wa kuwaka huhesabiwa mpaka mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Umeona mwanya? Tochi inaweza kutoa lumeni 1,000 kwa dakika moja, ikashuka mpaka 150, ikakokota hivyo saa 3, na boksi likaandika "lumeni 1,000, saa 3" bila kusema uongo. Umbali nao ni hivyo hivyo. "Mita 100" maana yake ni kwamba ukisimama mita 100 mbele, mwanga unaokufikia ni robo ya luksi, yaani karibu sawa na mbalamwezi. Kwa kuona mtu ni nani au shimo liko wapi, gawanya huo umbali kwa mbili, mimi hata hugawanya kwa tatu.

Turudi kwenye ngazi zako. Kutoka mkononi mpaka kidato unachokikanyaga ni mita mbili au tatu. Kwa umbali huo lumeni 30 zilizotawanyika vizuri zinatosha, na 100 ni za kujivunia. Jicho pia halihesabu mwanga kama kikokotoo. Ukitaka mwanga uonekane maradufu, inabidi uuongeze takriban mara nne. Kwa hiyo tofauti ya 100 na 200 utaiona kidogo sana, ilhali betri itakwisha nusu ya muda. Na mwanga mkali kwenye ukuta mweupe wa ngazi hurudi machoni, ukifika nje gizani huoni kitu. Jicho lililozoea giza huchukua dakika 20 hadi 30 kurudia hali hiyo baada ya kupigwa na mwanga mkali. Mimi nikiulizwa tochi fulani ni nzuri kiasi gani, huanza kuuliza mwanga wake wa chini kabisa ni upi. Yenye hatua tatu au nne, ya chini ikiwa lumeni chache tu, na inayowaka kwa hatua hiyo ya chini kwanza, inashinda ile inayolipuka kwa nguvu zote kila ukibonyeza.

Umbo la mwanga lina uzito uleule. Achana na tochi za kuvuta kichwa mbele na nyuma. Zinapendwa kwa sababu zinachora mraba mkali ukutani, lakini ukizivuta mwanga mwingi unabaki ndani ya kichwa, na ile sehemu inayoteleza ndiyo maji yanapoingilia. Wakati wa mvua za masika hizo ndizo zinazoletwa kwa mafundi zikiwa na kutu. Unataka mduara wa kati uliolainika na mwanga mpana pembeni, ili uone kidato na ukuta kwa pamoja.

Rangi ya mwanga nayo usiipuuze. Mwanga wa buluu, ule wa Kelvini 6,500 na zaidi, huonekana mkali dukani lakini kwenye njia ya matope unafanya dimbwi, mafuta na saruji vifanane. Tafuta ulio karibu na 4,000 au 5,000, na kama boksi linataja CRI, kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi halisi za vitu, 90 ni bora kuliko 70. Utapoteza lumeni kidogo, na kwa maoni yangu ni biashara nzuri.

Dukani, iwe barabara ya Luthuli au kwingineko, usiridhike na muuzaji kukumulika usoni mchana. Mwombe akuwashie kwa nguvu ya juu, uishike mkononi dakika tano mkipiga stori. Ikiwa ya moto kiasi cha kutaka kuiachia, au mwanga umeanguka ghafla, umeshapata jibu. Imulike ukutani mahali penye kivuli utazame kama katikati kuna doa jeusi au duara la manjano. Kisha elekeza kamera ya simu kwenye ule mwanga wakati tochi iko hatua ya chini. Mistari myeusi inayotembea kwenye skrini maana yake taa inawaka na kuzima haraka haraka, na wengine hilo huwapa kichwa kuuma. Fungua kifuniko cha nyuma. Hesi zake zikwaruze kidogo kwa ukucha uone kama rangi inabanduka, hakikisha kuna mpira wa kuzuia maji, na springi isiwe imekaa upande. Kuhusu maji, tazama alama ya IPX kwenye boksi: IPX4 inahimili mvua na mrusho. IPX7 inahimili kuzama mita moja kwa dakika 30. Kwako hiyo ya kwanza inatosha, kwa hiyo IPX8, ya kuzama zaidi, isikushawishi kuongeza shilingi elfu.

Sasa betri, na hapa namwomba kijana wako asome pia. Tochi ya mwenzako, kwa maelezo yako, inaelekea kuwa ya 14500. Hiyo ni betri ya kuchaji yenye milimita 14 kwa 50, umbo lilelile la mawe ya AA tunayoyanunua dukani. Inaingia kwenye rimoti, hapo kijana hajakosea. Lakini jiwe la AA lina volti 1.5, na 14500 ikijaa ina 4.2. Rimoti ya mawe mawili imetengenezwa kwa volti 3. Ukiweka 14500 mbili unaipa zaidi ya 8, na bahati nzuri kabisa ni iungue rimoti peke yake. Zikipigwa shoti, betri za lithiamu zinaweza kutoa moshi wenye sumu na moto. Iandike betri hiyo kwa kalamu nyekundu, isikae droo moja na mawe ya kawaida. Na tochi iliyotengenezwa kwa AA pekee usiitie 14500 kwa sababu tu imeingia. Lazima karatasi yake iseme wazi kwamba inapokea zote mbili. Zipo za hivyo, Sofirn SP10 Pro ni mojawapo, na ukiniuliza ninayoipenda kwa mtu wa maisha yako ni za aina hiyo. Siku za kawaida unatumia ya kuchaji. Siku umesahau, kioski chochote pale Umoja kina jiwe la AA la kukutoa, kwa mwanga mdogo zaidi.

Usitegemee muujiza wa muda, hata hivyo. 14500 nzuri ina miliampea-saa 800 hadi 1,000, tuseme wati-saa 3. Kwa ile hesabu yetu ni lumeni 100 kwa saa 3 hivi, au lumeni 30 kwa zaidi ya saa 8. Kwa dakika 20 zako za alfajiri utachaji kwa wiki mara moja. Ungekuwa mlinzi wa usiku ningekuambia uchukue ya 18650, nene kama ilivyo, maana ina karibu mara nne ya nishati. Zile ndogo za kifunguo zenye betri iliyofungiwa ndani ni nyepesi na nzuri, ila betri ikichoka baada ya miaka miwili mitatu tochi nzima inakwenda nayo. Na ukitumia mawe ya kawaida ya alikali, yatoe tochi ikikaa bila kutumika. Yakivuja huyeyusha springi, na hilo ndilo huua tochi nyingi za nyumbani kuliko kuanguka.

Kabla hujaitupa ile ya zamani, jaribu kitu kimoja. Tochi nyingi za bei ya chini zenye tundu la Type-C hazina vipinga viwili vidogo ambavyo chaja mpya za C kwa C huvitafuta kabla ya kutoa umeme, kwa hiyo zinakataa. Chukua waya wa kizamani wenye kichwa kile kipana cha USB upande wa chaja. Ikianza kuchaji, tatizo lilikuwa waya. Isipoanza, na betri inatoka, fundi aipime kwa mita yake. Chini ya volti 2.5 hiyo imekufa na iachwe imekufa. Fundi akijitolea "kuiamsha" kwa kuipiga umeme wa betri nyingine, mshukuru uondoke nayo. Betri ya lithiamu iliyoshuka sana inaweza kuota vinyweleo vya shaba ndani, na siku ukiichaji inaweza kupiga shoti yenyewe. Betri bapa iliyofura, au ya mviringo inayotoa harufu tamu ya dawa, usiichaji hata mara moja zaidi. Itoe nje mbali na vitu vya kuungua, kisha uipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki, kama WEEE Centre hapa Nairobi. Isiende jaani wala motoni. Na tochi yoyote ichaji ukiwa macho, juu ya meza au sakafu, si kwenye godoro.

Simu je? Taa ya simu inamulika ngazi vizuri tu, na tangu enzi za mulika mwizi imetuokoa wengi. Nyumbani itumie. Njiani alfajiri sikushauri. Unakuwa umetoa kitu cha thamani yako kubwa zaidi, umekiwasha, na umekishika kwa vidole viwili mbele ya kila mtu, na wanyakuzi wa simu huo ndio mshiko wanaoutafuta. Tochi ya 3,500 ikinyakuliwa utaumia, lakini M-Pesa yako iko salama. Tena stima zinapopotea kwa muda mrefu, kama usiku ule wa Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima ilipozama gizani, simu inahitaji chaji yake kwa kazi ya simu.

Wauzaji watakusifia mwanga wa kumetameta, kwamba unampofusha mwizi. Unamsumbua, ndiyo, kwa sekunde chache, na unamwambia uko wapi hasa. Sijaona sababu ya kuulipia. Zile zenye shoti ya umeme upande mmoja na leza nyekundu upande mwingine usizibebe kabisa, hasa kukiwa na watoto nyumbani. Unapotembea, elekeza mwanga chini hatua tatu mbele yako. Askari wa geti au polisi wa doria akikusimamisha, ushushe kwanza ndipo umsalimie.

Jambo la mkobani ambalo watu huligundua wakisikia harufu ya kitambaa: tochi ndogo yenye nguvu ikijiwasha ndani ya mfuko inaweza kutoboa nguo na kukuchoma. Legeza kifuniko cha nyuma kwa robo mzunguko baada ya kuizima. Kwenye tochi nyingi za alumini hesi zimepakwa rangi isiyopitisha umeme, hivyo robo hiyo inaukata kabisa. Jaribu dukani, maana si zote.

Nimeacha macho yako mwisho kwa sababu ndiyo yaliyonishtua kwenye barua yako, na kwayo tochi haina dawa. Mwanga ukiwepo na ngazi bado hazionekani vizuri, huku taa za magari zikikuumiza, kuongeza lumeni kunaweza kuzidisha taabu, kwa kuwa mwanga mwingi utatawanyika ndani ya jicho hilohilo. Mimi ni mtu wa taa, siwezi kukuambia una nini. Huenda ni miwani tu, umri wako ndio wengi huanza kuihitaji. Huenda ni mtoto wa jicho anayeanza. Kisukari na presha ya macho pia huanza kimya. Nenda upimwe mwezi huu, kabla ya kununua tochi ukilazimika kuchagua. Hospitali ya Macho ya Kikuyu, ile ya Lions kule Loresho na kliniki ya macho ya Kenyatta zote zinafanya kazi hiyo. Usingoje miadi bali uende siku hiyohiyo ukianza kuona kimulimuli, vitu vyeusi vingi vinavyoelea, pazia linaloshuka upande mmoja, au jicho likiwa jekundu na kuuma huku ukiona duara za rangi kuzunguka taa.

Wakikutia matone ya kupanua mboni, hutaona vya karibu kwa saa kadhaa na jua litakusumbua, kwa hiyo panga siku usiyo na zamu, ubebe kofia, na uende na mtu wa kukurudisha.